Kumfundisha mtoto kuwa mgeni

Kiatu cha kushoto cha mwanangu kimebaki porini, mahali fulani kati ya Kintinku na Saranda. Alikuwa amesimama juu ya kitanda cha chini, amekiweka ukingoni mwa dirisha ili "nacho kione nje." Treni ikapinda kona, kiatu kikaenda. Tulikiona kikidunda kwenye kokoto za reli mara moja, mara mbili, kisha basi. Alilia kama mtu aliyefiwa.

Tangu turudi kutoka Kigoma watu wananiuliza safari ilikuwaje, na kila nikianza kusimulia najikuta nimeanzia hapo. Ngoja nirudi nyuma kidogo nieleze tulikuwa tunatafuta nini ndani ya treni ile, mimi na watoto wawili, wakati ndege ipo.

Desemba iliyopita mama yangu alikuja kututembelea Dar. Alikuja kwa basi, kwa umri wake ule, na gunia dogo la dagaa, dumu la mawese na unga wa muhogo. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa kwenye kochi na simu ya baba yake. Alisema "shikamoo Bibi" bila kuinua macho. Mdogo wake, miaka mitano, alipoambiwa kwamba Bibi atalala kwenye kitanda chake, alimsogelea akamuuliza kwa upole kabisa: "Bibi, utaondoka lini?"

Mama alicheka. "Mume wangu ananifukuza," akasema, akamvuta akampakata. Mimi sikucheka. Usiku ule nililala macho, na kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyoona kwamba watoto wangu si wakorofi. Hawajawahi kuwa wageni wa mtu, basi. Kila mtu anakuja kwao. Shangazi anakuja, fundi anakuja, mwalimu wa masomo ya ziada anakuja, hata chipsi zinaletwa na bodaboda mpaka getini. Wamezaliwa wenyeji na wanakua wenyeji. Mtoto ambaye hajawahi kusimama mlangoni kwa watu na begi lake, akisubiri kuonyeshwa pa kukaa, utamwelezaje Bibi amekuja na nini moyoni?

Mimi nilikua kinyume chake. Kila likizo nilipelekwa kwa mtu: kwa mama mkubwa Tabora, kwa baba mdogo Kasulu. Tulilala watoto sita kwenye mkeka mmoja, tukala kwenye sinia moja, na siku ya kwanza ulikuwa unajua kabisa kwamba sehemu yako kwenye sinia ile ni ile iliyo mbele yako, hupeleki mkono upande wa pili kutafuta kitoweo. Hakuna aliyetufundisha darasani. Ulijifunza kwa kuwa kwa watu.

Basi nikaamua: likizo ya Juni tunakwenda Kigoma, na tunakwenda kwa treni.

Rafiki zangu walinipinga, na hoja yao ni ile ambayo kila mzazi ameisikia. Subiri wakue. Huyo mdogo hatakumbuka chochote, utapoteza hela yako. Nimeifikiria sana hoja hii kwa sababu ina uzito, hasa pale unapohesabu nauli. Lakini mwanangu hakumbuki pia siku aliyofundishwa kutembea, na anatembea. Hatukumbuki siku tuliyojifunza kumpisha mzee kiti. Mtoto wa miaka mitano yuko kwenye umri ambao mambo yanaingia moja kwa moja na kukaa, bila kupita kwenye kumbukumbu.

Kuhusu ndege, sina ugomvi nayo. Ukiwa na mgonjwa au msiba, ndege ni neema. Ila mtoto anayepelekwa kwa ndege anaondoka sebuleni kwao, anafumba macho, anatokea sebuleni kwa Bibi, na katikati hakuna kitu. Reli ya kati kutoka Dar mpaka Kigoma ina urefu wa kilomita zipatazo 1,250. Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905 pale Dar es Salaam, wakafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma 1914. Miaka tisa ya jasho la watu wetu, na hata leo inachukua usiku mbili na mchana mmoja mzima kuimaliza. Nilitaka wanangu wakae ndani ya umbali ule wote.

Walikuwa wameshapanda treni mpya ya umeme, ile ya reli ya kisasa iliyoanza safari zake 2024, tulipokwenda Morogoro. Waliipenda sana, na mimi pia. Kwa hiyo tulipokuta treni ya kawaida ikisubiri, binti aliangalia mabehewa, akaangalia reli nyembamba ya mita moja, akauliza kama hii itafika kweli. Nikamwambia imekuwa ikifika tangu babu wa babu yake.

Daraja la pili la kulala, chumba kimoja kina vitanda sita, vitatu kila upande, na wanawake hupangwa na wanawake. Mimi na mdogo tulichukua kitanda cha chini, binti akakimbilia cha juu kabisa. Waliobaki walikuwa wanne: msichana wa chuo anayekwenda likizo Kaliua, mfanyabiashara wa vitenge wa Kigoma ambaye mabegi yake yalijaza njia, mama kijana mwenye kichanga mgongoni, na bibi mmoja wa Urambo aliyekuwa amekuja Dar kumuuguza mwanawe.

Dakika kumi za kwanza kwenye chumba cha treni nazipenda kuliko zote. Watu wanasalimiana, wanaambizana wanatoka wapi na wanakwenda kwa nani, nani anashuka usiku na nani anafika mwisho, begi gani lisikaliwe kwa sababu lina vyombo. Kabla hatujafika Pugu wanangu walikuwa wameshapata bibi mmoja, mama wadogo wawili na dada. Binti aliinama kutoka kitandani kwake juu akaninong'oneza: "Mama, hawa ni ndugu zetu?" Msichana wa chuo alikuwa amesikia. "Mpaka Kaliua," akamjibu.

Kisha mdogo akafungua biskuti zake na kuanza kula peke yake, amegeukia ukutani.

Sikusema kitu. Yule bibi wa Urambo naye hakusema kitu. Alitoa chungwa kwenye kikapu chake, akalimenya kwa kisu kidogo, ganda likatoka utepe mmoja mrefu usiokatika, akaligawa vipande. Kipande cha kwanza akampa mwanangu, cha pili akampandishia binti juu, kisha mimi, kisha wengine, na kilichobaki ndicho akala yeye. Mwanangu alishika chungwa mkono mmoja na biskuti mkono mwingine. Alitazama pakiti. Ilichukua muda, naapa nilihesabu vituo kichwani, kisha akatoa biskuti moja akamwekea bibi kwenye kanga. Akarudi akatoa nyingine kwa mama wa kichanga. Akauliza kama mtoto mchanga anakula biskuti.

Binti hakulila chungwa lake. Alilishika tu, ananiangalia, na nilijua kwa nini. Tumemfundisha, kama mnavyowafundisha wenu, asipokee chakula kwa mtu asiyemjua. Na ni mafundisho sahihi. Hadithi za abiria waliopewa biskuti au juisi na kuamkia hospitali bila begi wala simu si za kutungwa, sote tumezisikia, na mtoto wa kike ana hatari zake zaidi. Hapa ndipo safari iliponibana. Nyumbani ni rahisi kusema "usipokee." Njiani unakuta kwamba ukikataa kipande cha chungwa cha bibi kama yule umemvunjia heshima, na ukipokea kila kitu kwa kila mtu umemweka mtoto hatarini. Nikampa kanuni moja ambayo tangu siku ile tunaitumia: kabla hujapokea, niangalie mimi kwanza. Nikitikisa kichwa kukubali, pokea kwa mikono miwili na ushukuru. Nisipotikisa, sema asante nimeshiba. Alinitazama, nikatikisa kichwa, akala.

Kutwa nzima iliyofuata alikuwa ananitazama. Na mimi, kwa sababu yeye ananitazama, nililazimika kuwatazama watu vizuri zaidi kuliko ninavyofanya siku zote: huyu anaongea na mtoto wakati mimi nipo au anasubiri niende chooni? Huyu anawapa wote au anampa mmoja? Nadhani tulijifunza pamoja. Mtoto anayefungiwa ndani anaambiwa dunia ni mbaya, anaamini, halafu akifika sekondari ya bweni anamwamini mtu wa kwanza anayemchekea. Kupima watu kunataka mazoezi, na mazoezi hayo ni salama zaidi ukiwa umekaa kando ya mama yako.

Asubuhi tuliamkia Dodoma, baridi ya Juni inakata masikio. Baada ya Bahi na mashamba yake ya mpunga, nchi inakauka, mibuyu inaanza kujitokeza mmojammoja, na mbele unaona ukingo wa Bonde la Ufa. Treni inapanda polepole, inazunguka, na kwenye kona kali ukiwa behewa la nyuma unaona kichwa chake kiko upande wako kana kwamba ni treni ya watu wengine. Ni kwenye kona mojawapo ndipo tulipopoteza kiatu.

Nilitaka kumkaripia. Yule bibi akaniwahi. "Mume wangu," akamwambia, "mguu mmoja umeuacha uchumbiani?" Watu chumba kizima wakacheka, na mtoto naye, machozi yakiwa bado mashavuni. Akavua kandambili zake za bluu, kubwa, kisigino kimoja kimelika, akamvalisha. Yeye akabaki na viatu vyake vya kutokea. Kutoka hapo mpaka Tabora mwanangu alipita kwenye korido ya behewa akiburuza kandambili za mtu mzima, anasalimia chumba hadi chumba. Sikumtuma. Nilimsikia tu kwa mbali: "Shikamoo. Shikamoo. Kiatu changu kimeanguka. Hizi ni za Bibi."

Saranda ni kituo ambacho abiria wa reli ya kati wanakijua kwa tumbo. Treni ikisimama, kina mama wanajipanga chini ya madirisha na masinia vichwani: kuku wa kienyeji, wali, ugali, mayai ya kuchemsha. Nilimpa binti noti ya elfu kumi anunue yeye. Alijifanya hajasikia. Nikamwambia mara ya pili. Akatoa kichwa dirishani, akaita kwa sauti ndogo, hakuna aliyegeuka, akaita tena kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake. Akachagua paja, akauliza bei, akapunguziwa kidogo, akatoa noti. Muuzaji hakuwa na chenji. Akaichukua noti, akakimbia kuitafuta kwa wenzake, na treni ikapiga honi.

Ile sura ya binti yangu siwezi kuieleza. Treni ilianza kusogea. Tukamwona yule mama anarudi mbio, sinia ameliacha kwa mwenzake, kanga inamfunguka, ananyoosha mkono wenye noti zilizokunjwa, na mfanyabiashara wa vitenge, ambaye mkono wake ni mrefu kuliko wangu, akazidaka. Binti alizihesabu. Zilikuwa kamili. Alikaa kimya mpaka tukapita Manyoni, halafu akasema, "Angeweza kubaki nayo." Nikamjibu ndiyo, angeweza. Sikuongeza neno, kuku alikuwa anapoa.

Mchana wa Itigi ulikuwa mrefu. Reli ni moja, kwa hiyo treni yenu inasimama kituoni kusubiri nyingine ipite, na hakuna wa kumharakisha mtu. Nje ni vichaka, vichaka, vichaka. Watoto walilalamika kwamba wamechoka, wakaomba simu, nikawaambia tunaitunza chaji, na baada ya kama nusu saa ya kununa wakatafuta la kufanya. Mdogo alijifunza kumbembeleza kichanga. Binti alihesabu mabehewa ya mizigo yaliyopita kuelekea Dar akauliza makontena yanatoka wapi, na mfanyabiashara wa vitenge akamweleza habari za bandari ya Kigoma, za mizigo ya Kongo na Burundi, kwa undani ambao mimi nisingeuweza. Sitaupamba uchovu ule. Kulikuwa na joto, vumbi, na choo ambacho kufikia saa kumi jioni hukitamani. Ila sijui lini mara ya mwisho niliwaona wanangu kwa saa nane mfululizo. Nyumbani tunapishana: asubuhi gari la shule, jioni foleni, usiku homuweki. Mle ndani niligundua binti yangu anauma midomo akifikiri, kama marehemu baba yangu. Miaka tisa sikuwa nimeona.

Tabora tulifika usiku, tukanunua asali dirishani, na baada yake kina mama wakaanza kushuka. Bibi wa Urambo alishuka alfajiri mbichi. Mwanangu alikuwa usingizini na kandambili miguuni, amekataa kuzivua. Nilianza kuzitoa, yule bibi akanishika mkono. "Muache mume wangu afike kwao," akasema. Akampapasa kichwa, akachukua kikapu chake, akateremka gizani. Sikumuuliza hata jina. Wakati wote tulikuwa tunamwita Bibi na ilitosha.

Jua lilitukuta Nguruka, tukavuka mto Malagarasi, tukapita Uvinza penye chumvi. Asubuhi ilipokolea tukaliona ziwa.

Nilikuwa nimewasimulia watoto kwamba Ziwa Tanganyika ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi, kwamba kina chake kinafika mita 1,470, kwamba nchi nne zinakaa ukingoni mwake. Vyote hivyo havikuwagusa. Kilichowagusa ni Mama kusimama stesheni akipiga makofi. Waha wakisalimiana hupiga makofi taratibu, wameinama kidogo, na salamu haina haraka: umeamkaje, watoto wameamkaje, safari, huko mlikotoka. Binti alisimama mbele yake, begi mgongoni, hajui mikono yake aiweke wapi. Kisha naye akaanza kupiga makofi, polepole, akimfuatisha. Jioni alikuwa ameshajua kusema "mwakeye" asubuhi na "mwidiwe" jua likielekea kuzama. Mdogo alimwonyesha bibi yake kandambili na kumsimulia habari za mke wake wa Urambo, na Mama akajifanya kuona wivu kiasi cha kumkatalia uji.

Siku mbili walihudumiwa kama wafalme: ugali wa muhogo, migebuka iliyoungwa kwa mawese. Siku ya tatu asubuhi Mama akampa binti ufagio na mdogo kindoo cha maji. Ule msemo wa mgeni siku ya tatu mpe jembe nilikuwa nimeuzoea kama maneno ya kanga. Kumbe kwa mama yangu ni ratiba. Na niliona nyuso zao: walifurahi. Ufagio uliwaambia kwamba sasa ni watu wa nyumba ile.

Tulikwenda Ujiji mjini chini ya miembe, kwenye jumba la kumbukumbu la Livingstone na Stanley waliokutana pale 1871. Kila mtu anajua habari ya Wazungu wale wawili. Binti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza waliobeba mizigo walikuwa nani. Tukamweleza: wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na watu wa pwani. Tukamweleza pia, kwa kiasi ambacho mtoto wa miaka tisa anaweza kubeba, habari ya pembe za ndovu na ya watu waliopitishwa njia hiyohiyo wakiwa wamefungwa, kutoka ng'ambo ya ziwa mpaka Bagamoyo, na wengine mpaka soko la Unguja lililofungwa 1873. Alisikiliza akiuma midomo. "Kwa miguu?" Kwa miguu. "Mpaka kule kwetu?" Mpaka karibu na kule kwetu. Niliona anahesabu: usiku ule wa kwanza, Dodoma, Saranda, ule mchana wa Itigi usioisha, Tabora, usiku wa pili. Stanley na msafara wake waliondoka Bagamoyo Machi, wakafika baada ya karibu miezi minane. Akakaa chini, kwenye mzizi wa mwembe, akavua viatu vyake akaangalia nyayo zake.

Kitabu cha shule kingempa mwaka na jina. Umbali ule alikuwa ameubeba mwenyewe.

Jioni nyingine tulikaa kilimani kutazama taa za wavuvi. Usiku wa giza, mbalamwezi isipokuwepo, mitumbwi inatoka na taa kuvutia dagaa, na zikiwa nyingi zinajipanga upeo wote wa macho. "Bibi," mdogo akauliza, "ule mji unaitwaje?" Asubuhi yake tuliwahi Kibirizi kuwaona watu wa mji ule wakirudi, macho mekundu, dagaa wakimwagwa kwenye ndoo wakimetameta.

Bandarini Mama aliwasimulia habari ya Liemba. Nilidhani atawaambia ninayoijua mimi: kwamba meli ile iliundwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwenye masanduku yapatayo 5,000 kwa reli ileile tuliyopanda sisi, ikaunganishwa hapa 1915. Kwamba mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha vitani, mitambo wakiwa wameipaka grisi nzito, na Waingereza wakaiopoa 1924, ikarudi majini 1927. Aliwaambia hayo, kwa kifupi. Kisha akawaambia habari ya Mei 2015, Warundi walipokimbilia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, na Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwaleta Kigoma, safari baada ya safari, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Walipokelewa kwanza uwanja wa mpira. Mama na wanawake wa mtaa wake walikusanya kanga na nguo za watoto wakapeleka. Kabla ya hapo, 1996, walikuja Wakongo, na 1972, yeye akiwa msichana mdogo, Warundi wengine. "Nyumba yetu ya zamani," akawaambia, "ililala watu kumi na wanne."

Nazungumza na mama yangu kwa simu kila Jumapili. Haya hakuwahi kuniambia. Sikuwahi kuuliza, na pengine mtu mzima akimuuliza mtu mzima anapewa jibu la watu wazima. Aliyapata binti yangu kwa sababu alikuwa ameketi karibu na miguu yake na hakuwa na haraka ya kwenda popote. "Walikaa mpaka lini?" mdogo akauliza. Swali lilelile la Desemba. Mama akamtazama. "Wengine mpaka leo," akasema.

Nikuambie na mengine upesi, kama unafikiria kwenda. Siku ya nne mdogo alipata homa. Tulikwenda zahanati, kipimo cha malaria kikatoka safi, akapewa dawa ya kushusha homa, kesho yake akawa mzima. Beba chandarua hata ukiambiwa kipo, beba pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, beba maji mengi kuliko unavyodhani, na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto. Punguza nguo. Kichanga anasafiri vizuri kuliko mtoto wa miaka miwili anayetaka kutembea kila dakika. Huyo wa miaka miwili ningemsubirisha mwaka. Na si lazima iwe Kigoma. Kila mmoja wetu ana Kigoma yake: Newala, Bukoba, Mbinga, Pangani. Hoteli yenye bwawa la kuogelea ni kitu kizuri, nasi tumewapeleka. Ila hotelini mtoto ni mteja, na mteja anahudumiwa kwa sababu amelipa.

Tumerudi wiki ya tatu sasa. Kandambili za bluu ziko mlangoni kwetu. Nilitaka kuzitupa kwa sababu kisigino kimezidi kulika, mwenyewe hakukubali. Jumamosi alikuja shangazi yao kutoka Mbagala, mvua ilikuwa imemnyeshea. Kabla sijafika mlangoni mdogo alikuwa ameshazichukua, amepiga goti, amezipanga mbele ya miguu yake, vidole vikitazama ndani.

"Shikamoo Shangazi. Vaa hizi. Ni za Bibi."